Pipa la njano linapokea nini?

Karatasi kuukuu mjini Vienna hutupwa kwenye pipa lenye mfuniko mwekundu. Berlin na Madrid, karatasi hizo hizo huenda kwenye la buluu. Tofauti hii inaleta mvutano kwa wachora ramani wa OpenStreetMap, ramani ya dunia inayojengwa na watu wa kujitolea: je, rangi ya kontena la taka za kurejelezwa iandikwe, au yatosha kutaja linachopokea?

Wanaotetea rangi wana hoja nzito. Mradi huo ulianzishwa Uingereza mwaka 2004, na mojawapo ya kanuni zake kuu ni kuandika kile ambacho mtu mwingine akifika mahali hapo atakiona na kukithibitisha. Rangi huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kibandiko cha maelezo huchanika, na aghalabu huwa katika lugha ya wenyeji tu. Mgeni wa Hispania asiyejua neno la Kihispania huzoea upesi kwamba njano ni ya vifungashio vya plastiki na makopo, buluu ya karatasi, kijani ya chupa. Akiiona njano kwenye ramani ya simu, anajua anatafuta kontena la namna gani mtaani.

Shida huanza akivuka mpaka. Ufaransa, pipa la njano kwa kawaida hupokea karatasi pia pamoja na vifungashio. Berlin, la njano au la rangi ya chungwa hupokea hata vyombo visivyo vifungashio, kama sufuria mbovu, ilhali sehemu nyingine za Ujerumani sufuria hiyo haitakiwi humo. Italia ilitoa mwongozo wa rangi wa taifa mwaka 2017, lakini ni wa hiari, kwa hiyo miji mingi bado ina rangi zake.

Kisha, rangi ya nini hasa? Mapipa mengi Ujerumani yana mwili wa kijivu na mfuniko wa rangi. Mmoja ataandika kijivu, mwingine buluu, na wote wawili wamesema kweli. Kwenye kioo mambo ni magumu zaidi, maana Wajerumani hutenganisha chupa zisizo na rangi, za kahawia na za kijani. Hapo "kijani" ni rangi ya chupa, si ya kontena. (Chupa za buluu nazo hutupwa pamoja na za kijani.) Lebo moja ya rangi kwenye ramani haiwezi kubeba maana zote hizo bila kumpotosha mtu.

Hata hivyo siungi mkono wanaoifuta rangi kwenye ramani. Ni ukweli uliokusanywa na mtu aliyefika kwa miguu yake, na unamsaidia anayetafuta kontena kwa macho. Ninachokipinga ni kukisia: kuona njano, kisha kujaza kwamba plastiki inapokelewa bila kusoma kibandiko. Aliyeona rangi tu aiandike rangi, mahali pa vinavyopokelewa apaache wazi. Programu ya StreetComplete humuuliza mchora ramani anayepita karibu na kontena lisilo na taarifa hiyo ni taka gani zinazowekwa humo. Taarifa hiyo ikishajazwa kwa kukisia, swali hilo halitokei tena kwa muda mrefu, na kosa linaweza kukaa hapo miaka.