Dira moja ya dayosisi, misimu tofauti ya washarika

Mkutano mkuu wa dayosisi ya Kilutheri ukikaribia, kitabu cha mpango mkakati hutoka: dira ukurasa wa kwanza, dhima ukurasa wa pili, halafu majedwali. Wajumbe hupiga makofi na kupitisha. Wakirudi nyumbani, wazee wa kanisa huwauliza jambo moja tu: safari hii tumepangiwa kupeleka dayosisini kiasi gani? Viongozi wengine huliona swali hilo kuwa la watu wasio na maono. Mimi naona ndipo maono yanapopimwa.

Wanaotetea dira ya pamoja wana hoja nzito. Hakuna usharika, hata wa mjini, unaoweza peke yake kuendesha Hospitali ya Ilula kule Kilolo, au ile ya Matema kando ya Ziwa Nyasa. Hakuna usharika mmoja unaoweza kusomesha wachungaji wa kizazi kijacho. Na mchungaji anayepangiwa milimani, ambako sadaka ya Jumapili haitoshi mafuta ya pikipiki, atalipwa na nani kama si kapu la pamoja? Pasipo kapu hilo wachungaji watabanana mjini, na vijiji vitabaki na mwinjilisti anayehudumia mitaa miwili mitatu kwa mguu.

Kuna pia historia ya kugawanyika, ambayo mikutanoni huguswa kwa tahadhari. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, Walutheri wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa chini ya kanisa moja la kusini. Leo eneo hilo lina Dayosisi ya Kusini, ya Konde, ya Iringa na ya Kusini Kati, na hizo si zote. Migawanyiko hiyo ilikuwa na sababu zake. Umbali wa Makete, iliko Kusini Kati, hadi Njombe, makao ya Kusini, kwa barabara za zamani ulitosha kuwa sababu. Lakini mgogoro wa Konde haukuwa wa umbali tu. Kiini chake kimojawapo kilikuwa kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda jijini Mbeya, na ulifika mpaka askofu kuondolewa mwaka 2022. Upande mmoja ulitazama Rungwe, iliko Tukuyu, na mwambao wa ziwa, walikofikia wamisionari wa Berlin na Wamoravian mwaka 1891. Jiji nalo lina barabara kuu, ofisi za serikali na sharika kubwa. Ukipima hivyo, pande zote mbili zilikuwa na dira. Haikuwa moja.

Sasa tugeukie upande wa pili wa hoja, ule wa washarika wenyewe. Ndani ya Mkoa wa Iringa peke yake kuna mkulima wa mpunga Pawaga, mkulima wa mahindi na viazi Kilolo, na mfanyakazi wa chai au mbao Mufindi anayelipwa kila mwezi. Bajeti ikianza Januari, inamkuta mkulima wa mahindi amemaliza fedha kwenye mbegu na mbolea, mtoto anaingia kidato cha kwanza na anadai sare, na ghalani kunakaribia kufagiwa. Fedha yake itakuja Juni au Julai akivuna, au Septemba akiwa na uvumilivu wa kusubiri bei. Ukidai mchango wa robo ya kwanza ufike Machi, usharika wake utasomwa mkutanoni kuwa mzembe. Watu haohao siku ya Mavuno huleta magunia, kuku na mbuzi mpaka mnada unaingia alasiri!

Urafiki wa nje nao unaivuta dira kivyake. Kupitia ushirikiano uitwao Bega kwa Bega, sharika za Iringa zimeunganishwa tangu miaka ya 1980 na sharika za eneo la Saint Paul, Minnesota, nchini Marekani. Ni jambo jema kwa usharika wa kijijini kuwa na rafiki unayemjua kwa jina na kumwombea. Ila marafiki hawalingani uwezo, na ni rahisi usharika kutazama Minnesota kabla ya kumtazama jirani aliye ng'ambo ya bonde.

Kwa maoni yangu, dira ya dayosisi ipunguzwe unene. Ibaki na yale yasiyowezekana kwa usharika mmoja: mishahara, masomo ya watumishi, hospitali. Kwaya, vikundi vya kuweka na kukopa, ujenzi wa mtaa, waachiwe wenyewe. Mhasibu wa dayosisi atanipinga kwamba mshahara hausubiri mavuno, na hapo ana haki. Basi sharika za mjini na za wanaolipwa kila mwezi zibebe miezi ya mwanzo, za wakulima zifidie kuanzia Julai. Ugumu ni kwamba mpango huu unamtaka mzee wa kanisa wa mjini aamini kuwa wa kijijini atalipa, na imani hiyo haitengenezwi kwa semina ya siku mbili hotelini. Ningeanza kwa kuwapeleka wazee wa Iringa mjini wakasali Jumapili moja Pawaga na kusomewa vitabu vya fedha vya usharika ule. Kisha wa Pawaga nao wapande mjini, wasomewe vya huko, pamoja na deni la jengo.