Tumbo la binti tulianza kulikagua sisi

Binti wa kidato cha pili akishinda na sweta lililovutwa hadi chini ya kiuno kuficha tumbo, na jua la saa saba linawaka, watu wazima wana jibu tayari: simu. Kaona viuno vya nyigu huko Instagram, na yeye anavitaka.

Wanaosema hivyo wana ushahidi. Mwaka 2021 zilivuja nyaraka za ndani za Facebook (sasa Meta), kampuni inayomiliki Instagram, na ndani yake 32% ya wasichana wa rika la balehe walisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Takwimu hiyo imerudiwa mno, ila wachache huisoma taratibu. Imesema inazidisha. Wasichana hao waliingia mtandaoni na unyonge wao tayari. Waliutoa wapi?

Kwa Tanzania, sehemu ya jibu iko shuleni. Kwa miaka mingi wasichana walipangwa foleni kupimwa mimba kwa lazima, na kwingine kipimo kilikuwa mkono wa mtu mzima ukibonyeza tumbo. Aliyekutwa nayo alifukuzwa. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi darasani. Mlango huo ulifunguliwa Novemba 2021, na mwaka uliofuata Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, chombo cha Umoja wa Afrika, ikaamua kwamba upimaji ule wa lazima ulivunja haki za watoto. Katika mazingira hayo, tumbo lililotokeza kidogo baada ya sahani ya maharage lingeweza kuzua maneno bweni zima. Binti aliyelificha hakuwa akiiga mtu; alijua linatazamwa kwa jicho gani. Nyumbani nako shangazi anapokea wageni kwa "eh, umenenepa!", na anayeulizwa "hilo tumbo vipi?" mbele ya kaka zake anatakiwa acheke.

Madaktari wana hoja nzito kuliko ya simu. Mafuta yanayojikusanya tumboni kuzunguka ini na utumbo yanaendana na kisukari na shinikizo la damu, na mtoto anayeishi kwa chipsi na soda anahitaji kuambiwa. Sawa. Lakini wakati wa balehe mwili wa msichana huongeza mafuta kwa mpango wake wenyewe, na mgongo uliopinda kidogo kwa ndani husukuma tumbo mbele hata kwa mwembamba. Jicho la shangazi halitofautishi haya. Mizani, kipimo cha urefu na chati ya umri vinaweza kusaidia, na Shirika la Afya Duniani lina chati za miaka 5 hadi 19 kwa kazi hiyo hiyo.

Binti asiyepata kipimo hicho hununua mkanda wa kubana tumbo, au chai "ya kukata kitambi" ambayo mara nyingi ni sanamaki, dawa ya kumfanya mtu aharishe. Yanatoka maji na choo, mafuta yanabaki. (Wavulana nao wanamwaga zege kwenye makopo ya maziwa wapate vyuma vya kunyanyua, na hakuna anayewaitia kikao.)

Mzazi akitaka kuchukua simu, achukue. Ila maswali ya mezani kuhusu tumbo yaishe kwanza, na mwenye wasiwasi na uzito wa mwanawe ampeleke kwa muuguzi, wazungumze mlango ukiwa umefungwa.