Alpha Kappa Alpha si chama cha mapambo

Kamala Harris alipogombea urais wa Marekani mwaka 2024, wengi waliisikia Alpha Kappa Alpha kwa mara ya kwanza. Ni chama cha wanachuo wa kike, hasa Weusi, alichojiunga nacho akisoma Chuo Kikuu cha Howard. Waliona wanawake waliovalia waridi na kijani, rangi za chama hicho, wakakata shauri kwamba ni kundi la wenye nazo wanaobebana.

Shutuma hiyo ina msingi. Chama huchagua wa kuingia, na ada si ndogo. Mwaka 1957 mwanasosholojia E. Franklin Frazier, mwalimu wa Howard, aliwashambulia wasomi Weusi waliojali hadhi na hafla kuliko hali za wenzao. Na vyama vya aina hii vimelaumiwa kwa kuwanyanyasa wanaotaka kujiunga. Hilo halina utetezi.

Lakini kilianzishwa Januari 1908 na Ethel Hedgeman na wenzake wanane, wakati mwanamke Mweusi msomi hakuwa na mahali pa kushikwa mkono. Mwanzoni mwa 1913 wanachama 22 waliotaka siasa zaidi walijitenga, wakaunda Delta Sigma Theta, na mwezi Machi wakaandamana Washington kudai wanawake waruhusiwe kupiga kura. Nellie Quander, aliyekwisha kuhitimu, alikataa jina la Alpha Kappa Alpha lifutwe, akakisajili chama hicho kisheria. Wapo wanaomwona mhafidhina. Mimi naona alikipa uhai wa kuvuka kuta za Howard: matawi yakaenea, na mwanachama akabaki mwanachama hata baada ya kuhitimu.

Matunda yake yalionekana katika jimbo la Mississippi. Mwanachama Ida Jackson alikwenda huko mwaka 1934 kuwanoa walimu wa vijijini, akakuta watoto wagonjwa wasioweza kusoma. Kiangazi kilichofuata, mwanachama mwenzake, Dkt. Dorothy Ferebee, aliongoza kikosi cha kujitolea cha chama hadi Wilaya ya Holmes kuchanja watoto dhidi ya ndui na dondakoo. Wenye mashamba ya pamba waliwazuia wafanyakazi kwenda kliniki, wakihofu watachochewa. Basi akina mama hao wakapakia dawa kwenye magari yao wenyewe, wakawafuata watu mashambani. Walirudi kila kiangazi hadi 1942.

Nani mwingine angeweza? Daktari, walimu na wauguzi, wenye magari na likizo ya kiangazi, walikuwa wamekwisha kuunganishwa na kiapo cha chuoni. Usomi ule ule unaoshutumiwa ndio uliofikisha chanjo mahali ambapo serikali ya jimbo haikuwa na haja ya kuifikisha.