Modeli ya Barabara Isasishwe Kuanzia Barabarani

Kabla barabara ya changarawe haijapewa lami, wachumi na wahandisi hukaa na kompyuta wakapiga hesabu: faida ya miaka 20 ijayo itazidi gharama au la? Jibu likiwa baya, barabara inarudi foleni, na wanaoitumia hawaambiwi kwa nini. Kwa hiyo nikisikia modeli ya hesabu hiyo inasasishwa, hufuatilia kwa karibu. Linalonisikitisha ni kwamba mara nyingi kinachobadilika ni toleo la programu tu, huku namba zinazoingizwa zikibaki zilezile.

Huku kwetu modeli inayojulikana zaidi ni HDM-4, iliyotoka mwaka 2000. Sehemu ya mizizi yake iko Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Uingereza pamoja na Benki ya Dunia walipima kwenye barabara za Kenya jinsi ubovu wa njia unavyokula mafuta, matairi na vipuri. Waliingia barabarani wakapima. Ndiyo maana kazi yao imeishi muda mrefu hivi.

Lakini barabara walizozipima si hizi za leo. Mwaka 2008 Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, na bodaboda zikaenea hadi vijiji ambavyo matatu hazikuwahi kufika. HDM-4 yenyewe ina nafasi ya pikipiki, baiskeli na hata mtembea kwa miguu. Tatizo ni kwamba nafasi hizo huachwa na namba za kukisia, au tupu kabisa. Karani wa kuhesabu magari anakaa kando ya njia na fomu yake, anaweka alama kwa pikapu, kwa lori, kwa basi. Bodaboda iliyobeba kreti mbili za nyanya na mama nyuma ni alama moja tu, kama ya kijana anayekwenda kunyoa. Na zoezi likifanyika Jumanne wakati gulio ni Ijumaa, wafanyabiashara wote wa kijiji wamekosekana kwenye modeli.

Halafu kuna thamani ya muda. Saa moja inayookolewa huthaminiwa mara nyingi kwa kufuata kipato. Maana yake ni kwamba saa ya mkulima inakuwa karibu bure, na barabara ya mjini inashinda kabla shindano halijaanza. Uingereza, kwa safari zisizo za kikazi, hutumia thamani za wastani wa kitaifa bila kutazama mfuko wa msafiri. Sioni kwa nini sisi tushindwe. Mjamzito anayekimbizwa zahanati hana mshahara wa kuandika kwenye fomu.

Kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayopunguza thamani ya faida kwa kila mwaka wa kuisubiri, nacho kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa asilimia 12, ambayo imezoeleka kwa miaka mingi, faida ya shilingi 100 itakayopatikana baada ya miaka 20 inahesabiwa leo kama shilingi 10 hivi. Kwa asilimia 6, ambayo Benki ya Dunia iliipendekeza mwaka 2016 kwa miradi yake, inakuwa shilingi 31. Daraja imara na mtaro mpana huleta faida polepole, mafuriko baada ya mafuriko. Kwa asilimia 12 vitu hivyo huonekana anasa, tunajenga kwa bei rahisi, mvua inakuja inazoa.

Vifo vya barabarani nimeviacha mwisho, ingawa ndivyo vinavyoniuma zaidi. Nchini Kenya, watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa barabarani. Modeli inayohesabu dakika anazookoa dereva kwa kwenda kasi, lakini haihesabu hatari anayoongezewa mwanafunzi anayevuka, inatoa jibu la uongo hata kama kila kanuni ndani yake ni sahihi.

Ninachodai kinawezekana hata mwaka huu wa fedha: hesabu za magari zifanywe siku ya gulio na siku ya kawaida, abiria na mizigo ya bodaboda iandikwe, na karatasi ya namba zilizoingizwa ibandikwe kwenye ofisi ya kata au ya chifu. Mkazi asome mwenyewe saa yake imepewa shilingi ngapi, na awe na haki ya kuipinga kabla mkataba haujasainiwa.