Kabla ya podikasti kulikuwa na Hayashibara

Mwandishi, katika makala yako unasema maongezi ya anime (katuni za Kijapani) na gemu yaliletwa hewani na podikasti. Hapo umewaruka wakongwe. Megumi Hayashibara, mwigizaji wa sauti wa Japani, alianza kipindi cha Tokyo Boogie Night kwenye TBS Radio, kituo cha Tokyo, mwaka 1992, na miaka 30 baadaye kipindi kilikuwa bado kinaruka! Huyu ndiye sauti ya Rei Ayanami wa katuni ya Neon Genesis Evangelion na Ai Haibara wa Detective Conan.

Na uhondo wa redio hizo ulikuwa barua. Msikilizaji anaandika postikadi, anaweka jina la utani badala ya lake, halafu anakesha akisubiri lisomwe na sauti ileile anayoisikia kwenye katuni. Sisi tuliokulia kwenye kadi za salamu tunaijua raha hiyo: ukisikia jina lako, mtaa mzima utakoma.

Bunka Hoso nao, kituo kingine cha Tokyo, walivipa vipindi vya namna hii chapa yao kabisa, A&G, yaani anime na gemu. Ungewagusa hata kwa aya moja, bwana.