Chaja Inayowaka Si Chaja Inayochaji

Ninaendesha gari la umeme, na nimesafiri nalo vya kutosha kujua kwamba tatizo kubwa la safari ndefu halimo ndani ya gari. Betri ni nzuri, mota ni tulivu na haina mambo mengi ya kuharibika, na kompyuta ya gari hukadiria kilomita zilizobaki kwa usahihi wa kuridhisha. Tatizo limesimama kando ya barabara. Ni chaja ya umma, ile ambayo ramani inasema ipo, ni nzima na haina mtu, lakini ukichomeka plagi haikupi kitu. Hasira yangu inaelekea huko, na ninaiona kuwa hasira ya haki, kwa sababu kinachovunjwa hapo ni ahadi ambayo msafiri amejengea mpango wa siku nzima.

Wengi wanaosifu magari haya, na wengi wanaotunga sera zake, huchaji nyumbani. Wanalala, asubuhi gari limejaa, na chaja ya umma hawaihitaji ila mara chache. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Msafiri wa mbali, pamoja na mtu asiye na mahali pa kuegesha penye umeme, huitegemea chaja hiyo wakati ambapo hana njia nyingine. Isitoshe, namna sahihi ya kusafiri kwa gari la umeme humfikisha kituoni akiwa na akiba ndogo. Betri hupokea umeme kwa kasi ikiwa chini, na inapokaribia asilimia 80 gari lenyewe hupunguza nguvu linayopokea ili kulinda seli. Kwa hiyo anayejali muda wake hutumia betri kati ya asilimia 10 na 80.

Mpango huo ni wa busara, lakini unasimama juu ya imani kwamba chaja ya mbele itafanya kazi. Imani ikiondoka, dereva hulazimika kubaki na akiba itakayomfikisha kwenye kituo kingine. Chukua gari ambalo betri yake ikijaa huenda kilomita 400. Ukilitumia kati ya asilimia 10 na 80, unapata kilomita 280 kati ya kituo na kituo. Ukilazimika kutoshuka chini ya asilimia 30, unapata 200 tu. Kilomita 80 zimepotea bila betri kupungua hata chembe, zimeliwa na chaja ambayo huenda siku hiyo ilikuwa nzima, ila hukuwa na sababu ya kuiamini. Hasara hii haionekani katika takwimu yoyote ya uharibifu, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote.

Kuharibika kwenyewe kuna sura nyingi. Kuna chaja iliyozima kabisa, na hiyo ndiyo afadhali, maana hupotezi muda nayo. Inayochosha ni ile ambayo skrini inawaka, taa ni ya kijani, na maandishi yanakukaribisha. Unachomeka plagi, unasubiri, inaandika kwamba inawasiliana na gari, kisha inaandika kosa lenye namba isiyomsaidia yeyote. Unachomoa, unachomeka tena. Unajaribu kulipa kwa programu ya simu, na simu haina mtandao kwa sababu kituo kimejengwa mahali pasipo na mnara wa karibu. Unajaribu kadi, na kisomaji cha kadi kimekufa. Unasogeza gari kwenye chaja ya pili, ukakuta kebo haifiki upande ambao gari lako lina tundu la kuchajia. Kwenye ya tatu umeme unaanza kuingia, na baada ya dakika chache unakatika wenyewe wakati umeshakwenda msalani, ukarudi kukuta gari limekaa bure. Kuna nyingine imeandikwa kilowati 350 lakini inatoa 40, ama kwa sababu moduli zake za ndani zimekufa, ama kwa sababu inagawana nguvu na jirani yake bila kukuambia.

Ni haki kueleza kwa nini mambo yanakuwa magumu hivi. Pampu ya mafuta haina haja ya kujua ni gari gani limesimama mbele yake. Chaja ya kasi, inayotoa umeme wa mkondo mnyoofu moja kwa moja kwenye betri, lazima izungumze na gari kabla ya kutoa chochote: gari hutaja volti na ampea linazoweza kupokea, chaja hupima usalama wa kebo ili umeme usivuje, plagi hujifunga, na wakati huohuo seva iliyo mbali inathibitisha malipo. Gari limetengenezwa na kampuni moja, chaja na nyingine, programu ya kuiendesha na ya tatu, malipo yanapitia ya nne, na umeme wenyewe unatoka kwa shirika la tano. Mnyororo ukikatika popote, anayebaki amesimama ni dereva, na kila mmoja wa hao watano anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba kwake mambo ni shwari.

Hapo ndipo takwimu za waendeshaji wa vituo na maisha ya barabarani yanapoachana njia. Mwaka 2022 watafiti waliohusishwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizungukia vituo 181 vya kuchaji kwa kasi katika eneo la ghuba ya San Francisco, wakajaribu plagi 657 za aina ya CCS, mojawapo ya viwango vya plagi za kuchaji kwa kasi, kwa kuzichomeka kwenye gari kweli na kungoja kama umeme ungeingia kwa dakika mbili. Zilizofanya kazi zilikuwa asilimia 72.5. Kampuni zenyewe zilikuwa zikitangaza kwamba chaja zao zipo hewani, yaani tayari kutumika, kati ya asilimia 95 na 98 ya muda. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba walirudi siku nane baadaye kukagua tena sehemu ya vituo hivyo, na kwa jumla hali haikuwa imebadilika. Wiki nzima ilikuwa imepita, na wasafiri wengine walikuwa wameshafika hapo wakitegemea chaja zilezile.

Tangu wakati huo hali imekuwa nafuu, na lazima niliseme hilo waziwazi. Tafiti za J.D. Power, kampuni inayopima maoni ya wateja nchini Marekani, zilionyesha kwamba mwaka 2023 takriban mtu mmoja kati ya watano alifika kwenye chaja ya umma akaondoka bila kuchaji. Mwaka 2025 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 14. Nafuu hiyo ninaipokea kwa furaha, lakini msafiri haihesabu kwa kituo kimoja. Kama kila kituo kina uwezekano wa asilimia 14 wa kukurudisha mikono mitupu, na safari yako inahitaji vituo vitatu, uwezekano wa kukwama walau mara moja unazidi theluthi moja. Ni bidhaa gani nyingine ya safari tungeikubali kwa kiwango hicho?

Yaliyompata Jennifer Granholm, aliyekuwa Waziri wa Nishati wa Marekani, katika kiangazi cha 2023 yalionyesha kwamba cheo hakisaidii. Alikuwa katika ziara ya kuhamasisha matumizi ya magari ya umeme, na kwenye kituo kimoja katika jimbo la Georgia kulikuwa na chaja nne, moja mbovu na nyingine zina watu. Mmoja wa wasaidizi wake akazuia nafasi kwa gari lisilo la umeme ili waziri akifika apate pa kuchaji. Familia iliyokuwa na mtoto mchanga, katika joto kali, ikaita polisi. Wengi walilitumia tukio hilo kumsema waziri. Mimi nililiona kwa jicho lingine: hata msafara wa serikali, wenye watu wa kutangulia na kupanga, haukuweza kuamini kwamba chaja ingepatikana.

Chanzo kikubwa, kwa maoni yangu, ni namna fedha zinavyotolewa. Ruzuku nyingi hulipa ujenzi. Chaja ikisimikwa, ikapigwa picha na kuzinduliwa, kazi inahesabiwa kuwa imekwisha, ilhali kazi ya kweli ndiyo kwanza inaanza: kebo kukanyagwa na matairi, plagi kuangushwa kwenye lami, skrini kupigwa jua, programu kuhitaji kusasishwa kila aina mpya ya gari inapoingia sokoni, na siku hizi wezi wa shaba kukata kebo usiku. Anayeijenga analipwa hata isipouza umeme, na kituo cha njia kuu chenye wateja wachache katika miaka ya mwanzo hakimpi haraka ya kumtuma fundi mbali. Mtandao wa chaja wa kampuni ya magari ya Tesla, uliozinduliwa mwaka 2012, ulipata sifa ya kuaminika kwa sababu moja isiyo ya miujiza: mtengeneza gari, mwenye chaja na mwenye programu alikuwa mmoja, na chaja ikikataa, gari lake ndilo lililokosa sifa sokoni. Ndiyo maana Ford ilipotangaza Mei 2023 kwamba ingehamia kwenye plagi ya Tesla, kampuni nyingine za magari zilifuata kwa kasi. Plagi ilikuwa na umuhimu wake, lakini walichokuwa wakikitafuta ni uhakika.

Serikali zimeanza kuamka, ingawa bado naona mianya. Mpango wa Marekani uliotengewa dola bilioni 5 katika sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 unadai kila plagi iwe hewani kwa zaidi ya asilimia 97 ya mwaka. Kinachobaki, yaani asilimia 3, ni kama siku 11, na katika hesabu hiyo hazihesabiwi saa za kukatika kwa umeme wa gridi, za matengenezo yaliyopangwa, wala za uharibifu wa makusudi. Kisheria punguzo hizo zinaeleweka. Kwa aliyefika na asilimia 9 ya betri hazina maana yoyote. Uingereza imedai zaidi: tangu Novemba 2024 mitandao ya chaja za kasi inatakiwa kufikia wastani wa asilimia 99, iwe na simu ya msaada ya bure saa 24, na ikubali kadi ya kawaida ya benki bila kumlazimisha mtu kujisajili. Umoja wa Ulaya nao, tangu Aprili 2024, unataka chaja mpya za kasi zipokee malipo ya kadi, na umeweka lengo la kuwa na kituo kila kilomita 60 kwenye njia zake kuu. Suala la kadi linaweza kuonekana dogo. Mtu aliyesimama kwenye mvua akipakua programu ya sita katika simu yake, akitakiwa kuweka fedha kabla ya kujua kama chaja ni nzima, hataliona hivyo.

Wapo wanaosema dereva apange safari vizuri zaidi. Tunapanga. Tunasoma maoni ya waliotangulia, tunahesabu upepo na mlima, tunapasha betri moto kabla ya kufika kwa sababu betri baridi hukataa kasi. Na Januari 2024, baridi kali ilipolikumba jiji la Chicago, tuliona foleni za magari zikijipanga kwenye vituo ambavyo chaja zake nyingine zilikuwa hazifanyi kazi. Upangaji una mpaka wake, na mpaka huo ni ukweli wa taarifa unazopewa. Pia wapo wanaotumia malalamiko kama haya kudai kwamba gari la umeme limeshindwa, nami sikubaliani nao hata kidogo. Ninalalamika kwa sababu nataka magari haya yafaulu, na kwa sababu jirani anayeniuliza kama anunue anastahili jibu ambalo halianzi kwa neno “lakini”.

Ninachodai kinawezekana sasa hivi. Ruzuku ilipwe kwa miaka, kwa kadiri umeme unavyowafikia wateja, badala ya kulipwa yote siku ya uzinduzi. Vituo vya njia kuu visijengwe na chaja moja au mbili, na visitegemee laini moja ya mtandao ambayo ikikatika vyote vinakatika. Mawasiliano na seva yakipotea, chaja itoe umeme kwanza na hesabu ya malipo ifuate baadaye, maana gharama ya kilowati-saa chache ni ndogo kuliko gharama ya familia iliyokwama usiku. Anayepokea simu ya msaada awe na uwezo wa kuiwasha chaja upya na kumtuma fundi, asiwe mtu wa kuomba radhi tu.

Zaidi ya yote, kila mtandao utangaze ni watu wangapi walichomeka plagi na wangapi kati yao waliondoka na umeme, kituo kwa kituo. Ramani nazo ziache kuandika “inapatikana” kwa sababu tu mashine imejibu seva, zionyeshe saa ambayo gari la mwisho lilichajiwa hapo na kilowati ngapi lilizipata. Wachache wameshaanza. Taarifa hizo tayari zimo kwenye kumbukumbu za kila kampuni, na kuzitoa hakuhitaji kuchimba mtaro wala kuvuta waya mpya.