Kigemu Kigeuze Mgongo Kwanza

Yanaudhi haya mambo ya watoto wetu wa Lamu kuuziwa vigemu vya mkononi, vile vimashine vya kuchezea gemu, kwa hesabu ya michezo. Kijana anaambiwa "kina michezo 400", basi pesa zote za Idi zinamtoka. Mpwa wangu alinunua hivyo. Haukupita muda kitufe cha msalaba kikafa upande wa kushoto, na muuzaji wa mtandaoni akamjibu akirudishe Nairobi kwa gharama yake. Yaani kishuke gatini, kipande boti mpaka Mokowe upande wa bara, kitafutiwe basi, kisha kikitengenezwa kirudi njia hiyo hiyo. Nauli ya mzigo kwenda na kurudi ingekula nusu ya bei yake.

Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaoshauri watu waanze na orodha ya michezo. Sisi wa visiwani tukigeuze kwanza tutazame mgongo. Kuna kifuniko cha kufungua betri ikatoka? Skrubu zinaonekana? Kadi ya memori inachomoka? Hewa ya bahari huku haina huruma. Chumvi inaingia kwenye tundu la chaji, vibati vya betri vinaota kutu ya kijani, na raba zilizo chini ya vitufe zinashika uchafu mpaka mtoto abonyeze kwa kidole gumba kinachouma. Tiba yake fundi yeyote wa simu anayo: spiriti, pamba na mswaki mkuukuu. Ila lazima kifaa kifunguke. Kilichogandishwa kwa gundi, fundi akikilazimisha kioo kinapasuka, na lawama anabeba yeye.

Game Boy, kigemu cha zamani cha Nintendo, ilitoka 1989 ikila betri nne za AA, zile zile za tochi. Ndiyo maana iliyotunzwa vizuri unaiwasha hata leo. Watengenezaji wa sasa wangeliangalia hilo.

Nakiri, hata kile cha michezo 400 kina jambo moja jema: vingi vya aina hiyo hutumia betri ya BL-5C, ya simu za Nokia za zamani na redio ndogo, nayo huikosi madukani. Lakini michezo yenyewe ni ya enzi ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya 1983, na ukizima umepoteza ulipofika. Huku umeme ukikatika ovyo, hilo ni dhuluma kwa mtoto.

Mwenye uwezo zaidi atazame kigemu kama Miyoo Mini Plus, kinachocheza michezo ya mashine za zamani. Kioo ni inchi 3.5, nukta 640 kwa 480, kwa hiyo picha ya Game Boy ya 160 kwa 144 inakuzwa mara tatu kamili bila kupindika. Zaidi ya yote, betri inatoka kwa nyuma. Michezo ya Game Boy Advance, mrithi wa Game Boy, haiingii sawasawa hivyo, lakini inachezeka.

Makabati ya gemu ya nyumbani, ya MDF, zile mbao za unga uliogandishwa? Unyevu wa huku utayavimbisha. Yapite.

Wauzaji, nawaomba kwa dhati: mkitangaza kigemu, wekeni na picha ya mgongo, andikeni betri ni ya aina gani, na muuze raba za vitufe kando. Mtoto wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, yuko mbali na fundi kuliko sisi wa mjini, na pesa aliyowatumia ni sawa na ya mtu wa Nairobi.